Inchi Ishirini na Moja za Landrova ya Mulei

"Pasaka ijayo Ndila ataingia kanisani kwa gari. Atakaa mbele. Na wa kwanza kuteremka mlima huu na hilo gari atakuwa yeye, si gunia la mtu."

Hayo aliyasema Mulei mbele ya kanisa zima, Jumapili ya mavuno, Agosti 1987, akiwa ameshika papai alilonunua kwenye mnada wa kanisa. Hakuulizwa. Mwendesha mnada alikuwa amesema tu, "Papai limeenda kwa Baba Kaluki, Mungu ambariki, ampelekee mama nyumbani." Mtu mwingine angeitikia amina, akae. Mulei alisimama, papai mkononi, akahutubia. Wazee wa kanisa waliangalia sakafu. Watu walipiga makofi kwa sababu kanisani hujui la kufanya na mikono.

Wakati huo hakuwa na gari. Hakuwa hata na leseni ambayo haijaisha muda.

Alikuwa na mashine ya kuchomelea. Miaka ya sitini alifanya kazi na kontrakta wa barabara upande wa Kibwezi, akichomelea chochote kilichokatika, na kazi ilipoisha akarudi Kikima na mashine ya dizeli, ikipandishwa mlimani na punda watatu na matusi mengi. Tangu hapo kila mlango wa chuma huku kwetu Mbooni ulikuwa wake. Ukikuta mlango unaofunga bila kusukumwa na bega, ni wa Mulei. Wa fundi mwingine unaufunga kwa teke.

Ndila, mke wake, Mama Kaluki, alikuwa msusi wa viondo na kiongozi wa akina mama kanisani. Alikuwa mwanamke ambaye akikohoa kwenye benchi la mbele, mchungaji anafupisha mahubiri. Mwaka wa 1985 presha ilimpiga akiwa shambani. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu. Ulimi haukufa lakini ulichelewa. Neno lilikuwa linatoka baada ya muda, kama maji ya mfereji wa serikali, na ulilazimika kusubiri ukiwa na ndoo. Mulei hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa anamalizia sentensi za mke wake mwenyewe, kisha anazijibu.

Baada ya ugonjwa Ndila alipelekwa kanisani mara mbili. Mara ya kwanza kwa wilbaro. Mara ya pili Mulei alimbeba mgongoni, na walipofika mlangoni sketi ilikuwa imepanda, na vijana wa benchi la nyuma wakaona walichoona. Hakuna aliyecheka. Nadhani Ndila angeona afadhali wangecheka. Siku hiyo akiwa njiani kurudi alisema sentensi moja, na ilimchukua kutoka kanisani mpaka karibu na nyumbani kuimaliza: "Sitabebwa tena kupelekwa kwa Mungu kama mahindi."

Hakubebwa tena. Kwa miaka miwili alisikia nyimbo kutoka juu, kwa sababu nyumba yao iko mlimani na kanisa liko chini, na Jumapili upepo hupanda.

Sasa, hiyo njia. Kutoka kwao kuteremka barabarani ni mwendo wa dakika saba kwa mtu mzima, na ina upana wa kutosha gari, isipokuwa mahali pamoja. Kuna kona inayojikunja kama kiwiko. Upande wa nje ni ukuta wa mtaro wa shamba, ukidondoka unaanguka urefu wa watu wawili na unatua kwenye kahawa ya watu. Upande wa ndani ni kaburi. Amelala hapo mama yake Nzuki, jirani mwenye nyumba ya hapo konani, tangu 1969, amesakafiwa kwa simiti, ana msalaba kichwani. Alipozikwa hakuna aliyedhani njia ile itapitwa na kitu chenye magurudumu.

Mulei alimwendea Nzuki. Nzuki ni mtu mpole, ana miwani iliyofungwa kwa waya.

"Jirani, nataka kupanua ile kona."

"Panua."

"Kuna mama hapo."

"Yupo."

"Nilikuwa nafikiri, ukoo ukikaa, labda asogezwe kidogo. Hatua mbili. Nitamjengea mimi mwenyewe."

Nzuki alifikiri kwa heshima. "Baba Kaluki, mimi sina neno na barabara. Lakini mwaitu, mama yangu, hahami. Alihama mara nne akiwa hai, kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya baba. Hapo ndipo alisema amefika."

Mambo yakaishia hapo. Sikuwahi kusikia mtu akimlaumu Nzuki kwa jibu hilo, na hata Mulei hakumlaumu. Alienda kwenye kona na kijiti akapima wiki nzima, akichora mchangani, akifuta, akichora. Watu wengine kona ikiwa ndogo hupanua kona. Yeye aliamua kupunguza gari.

Januari alinunua Landrova ya pikapu, ile ndefu, kwenye mnada wa magari ya serikali kule Machakos. Ilikuwa na injini nzima na kila kitu kingine kilikuwa kinajaribu kuondoka. Kwa mahesabu yake, ikikatwa inchi ishirini na moja katikati, itapita ile kona na gurudumu la nyuma litaliacha kaburi kwa kiganja kimoja. Kiganja chake, si changu. Ana mikono mikubwa.

Ungeuliza, kwa nini asiikatie chini barabarani? Mashine iko nyumbani, na Ndila yuko nyumbani. Hakuweza kumwacha peke yake kutwa nzima, maana alikuwa akianguka hawezi kuinuka. Kwa hiyo gari likapanda kwa vipande. Mabati yalifunguliwa, injini ikaning'inizwa kwenye gogo, na ile chasisi yenyewe, uti wa gari, tukaibeba wanaume kumi na wawili, sita huku na sita huku, tukienda polepole na nyuso zikiangalia chini. Kina mama waliotukuta njiani walitua mizigo wakasimama kando, kwa mazoea. Hakukuwa na maiti, lakini ukiona mwendo ule unasimama tu.

Mbuvi, mwenye bucha sokoni, alikuwa mbele yangu. "Mulei," akaita, "hili gari litaanza kutubeba sisi lini?"

"Wewe beba. Utapewa lifti."

"Ulisema wa kwanza ni Mama Kaluki."

"Utakuwa wa pili."

"Nikiwa hai," Mbuvi akasema, akabadilisha bega.

Nilikaa chuoni mwaka mmoja na nusu nikisomea ufundi mitambo, na jambo moja nililorudi nalo nyumbani, mbali na sanduku, ni kwamba chasisi haikatwi wima kama mkate. Ukiikata wima, mshono wote unakaa mahali pamoja na siku moja gari linapiga magoti barabarani. Nilikuwa nimejitayarisha kumcheka Mulei. Sikupata nafasi. Alikata kwa mshazari kwa msumeno wa mkono, siku mbili, kila upande. Akatengeneza vipande vya chuma vya kuingia ndani ya mfupa wa chasisi, kama kijiti ndani ya mwanzi. Alinoa kingo mpaka zikang'aa. Propela ya kuzungusha magurudumu ya nyuma akaitoa kwenye Landrova fupi iliyokufa mjini Wote. Alifanya kila kitu ambacho mwalimu wangu alisema, na mwalimu wangu alikuwa na kitabu.

Ndila alikuwa anakaa kwenye kiti mlangoni, akiangalia. Na kila asubuhi, Mulei akiwa bado hajawasha mashine, alikuwa anafanya mazoezi yake. Kutoka mlango wa kanisa mpaka benchi la akina mama ni hatua kumi na mbili. Mulei alikuwa amezihesabu. Akachora mistari miwili uani, na Ndila akawa anatembea kati yake kwa fimbo, mguu mmoja ukienda na mwingine ukifuata kwa kuburutwa. Februari alifika hatua nne. Katikati ya Machi alifika kumi na mbili, akarudi kwenye kiti akaketi. Gari lilikuwa la kumfikisha mlangoni. Hizo hatua zingine zilikuwa zake mwenyewe.

Pasaka ilikuwa tarehe tatu Aprili. Wiki iliyotangulia ndipo vipande viwili vya chasisi viliunganishwa.

Hapa lazima nieleze namna Mulei anavyopima. Mlango ukitaka ukae sawa, unachukua uzi, unaupima kwa mshazari kona hadi kona, unafunga fundo. Kisha unaupeleka kona zile zingine mbili. Fundo likifika palepale, mlango umenyooka. Likipita au likipungua, unagonga upande mmoja kwa nyundo mpaka likubali. Hakuna ujanja mwingine, na kwa miaka ishirini haukumwangusha. Uzi wake ulikuwa wa katani, aliousokota Ndila wakati mkono ulikuwa mzima, mwembamba na mgumu, aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kiondo kikubwa. Rula yake ya mbao ilikuwa futi sita, na chasisi inavuka hapo. Kwa hiyo uzi.

Jumatatu jioni aliutandaza uzi ule juu ya chasisi, kona hadi kona, akauacha. Usiku manyunyu yakapita. Asubuhi kulikuwa na ukungu ule wa kwetu unaokaa mpaka saa nne na kila kitu kinatoa jasho. Mulei akaamka, akavuta uzi ukakaza, akafunga fundo kwenye kona, akashika mshono wa upande mmoja kwa tone la rodi ya kuchomelea. Kisha mashine ikakohoa. Dizeli imekwisha.

Ndila alikuwa tayari kwenye kiti chake. Akanyoosha mkono wa kushoto. "Huo... uzi..."

"Ndiyo, ni wako. Nitakurudishia."

"Uzi... u..."

"Nitakurudishia, mama. Siukati. Sasa naenda dizeli, jirani atakuja kukaa na wewe."

Akachukua mtungi akateremka Kikima. Kituo hakikuwa na dizeli, akangoja. Alirudi saa saba. Jua lilikuwa limetoka kali, mabati ya nyumba yakilia. Akachukua uzi uleule, wenye fundo lilelile, akaupeleka kona zingine mbili. Fundo likapita kwa inchi moja na nusu. Akafanya alichofanya miaka yote. Alichukua nyundo kubwa akagonga mpaka chasisi ikafika kwenye fundo. Kisha akachomelea, pande zote, juu na chini, mchana wote. Mshono ulikuwa mzuri. Nimewahi kuupitishia kidole. Ulikuwa umelala kama mkeka.

Ndila aliangalia moto mpaka akaambiwa ageuze uso.

Ijumaa Kuu gari lilikuwa limevaa mabati yake. Jumamosi Mulei akaliendesha uani, mbele hatua ishirini, nyuma hatua ishirini, kwa sababu uwanja wenyewe ndio huo. Hakutaka kuteremka kona kabla ya Ndila. Alikuwa amesema wa kwanza ni yeye, na alilisema mbele ya watu. Mbuvi alikuja na nyama ya Pasaka akasimama nyuma ya gari.

"Mulei."

"Sema."

"Hili gari lako linatembea kama mbwa. Kichwa huku, makalio huku."

"Ni usukani. Nimeshaukaza."

"Simami upande wa usukani. Nasimama upande wa makalio, na hayako nyuma ya kichwa. Yako kushoto. Vidole vitatu, vinne."

"Mbuvi, wewe unauza nyama. Ng'ombe ndiye unajua makalio yake."

"Sawa," Mbuvi akasema. "Mimi nimesema." Akaacha nyama akaenda.

Mulei aliinama chini ya gari kwa muda. Niliona miguu tu. Kilichokuwa kinahitajika ni kukata tena, siku mbili za kazi, na kesho ilikuwa Pasaka. Alipotoka alipangusa mikono akasema kiganja kinatosha.

Asubuhi ya Pasaka Ndila alivaa sare ya akina mama, blauzi nyeupe na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi mpaka kikawa kigumu. Mulei alimwinua kutoka kwenye kiti hadi kwenye gari akiwa ndani ya ua wake, mahali ambapo hakuna benchi la nyuma. Fimbo akamwekea magotini. Sisi wengine tulikuwa tumeteremka mbele, tumesimama juu na chini ya kona, tukijifanya tunaelekea kanisani. Nzuki alikuwa mlangoni kwake amevaa suti.

Gari likaja polepole kwa gia ya chini. Sura lilikuwa nayo ya kuchekesha, fupi, kama mtu aliyekatwa shingo akavaa koti lilelile. Hakuna aliyecheka. Ndila alikuwa anaangalia mbele. Mulei akaanza kukata kona kushoto. Gurudumu la mbele likapita kando ya kaburi, na likaacha nafasi, kiganja na zaidi. Nilimwona Nzuki akishusha pumzi.

La nyuma halikufuata la mbele. Lilikuja na njia yake. Likapanda simiti kwenye pembe, pembe ikavunjika, gari likainamia upande wa nje, kisha likakaa. Msalaba ulianguka bila haraka. Injini ikazimika yenyewe.

Chini kanisani walikuwa wameanza kuimba.

Nzuki aliteremka hatua zake tatu, akaenda kwanza upande wa Ndila, kwa sababu ndiko adabu ilikokuwa. "Mama Kaluki, umeamkaje."

Ndila alimwitikia kwa kichwa.

Kisha akazunguka. "Baba Kaluki. Nilidhani umepima."

"Nilipima."

"Eeh."

"Nilipima, Nzuki. Kona zote mbili. Fundo lilifika."

Mbuvi alikuwa ameshapiga magoti nyuma, anaangalia kati ya magurudumu kwa jicho moja. "Ya nyuma hayajui ya mbele yanaenda wapi," akasema, lakini kwa sauti ya chini, na hakulirudia.

Ndila alianza kusema. Tulijua kwa sababu mkono wa kushoto uliinuka kwenye fimbo. Mulei akafungua mdomo, kisha akaufunga, na kwa mara ya kwanza niliyoshuhudia mimi, akangoja. Tukangoja wote. Ubeti mmoja wa wimbo ulipanda kutoka chini ukaisha.

"Katani... ikilowa... hufupika," akasema. "Ikikauka... hurefuka. Uliupima... umelowa. Nilikuwa... nakwambia."

"Mbona hukumaliza?"

"Ulienda... dizeli."

Mulei aliangalia usukani. Mlango unaupima kwa dakika moja, uzi hauna nafasi ya kulowa na kukauka. Kila msusi wa viondo wa Ukambani anajua katani inavyofanya, na aliyejua zaidi alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwenye chasisi, siku nzima.

Nzuki ndiye aliyejaribu. "Mama Kaluki, kanisa liko pale tu. Tuko wanaume wanane hapa. Tutatoa hiki kiti cha gari, ukae juu yake, tutakushusha mpaka mlangoni. Hatua za ndani utatembea mwenyewe. Hakuna atakayekuangalia."

Alikuwa amejua habari ya hatua. Nadhani wote tulijua.

Ndila aliangalia chini kwenye bati la paa la kanisa, linaonekana kutoka pale. "Nirudisheni," akasema. Hilo lilitoka haraka.

Tulitoa kiti, tukambeba juu yake kurudi kwao. Alibebwa, basi, siku ile, lakini kwenda juu. Hakuna mtu aliyezungumza ila Mbuvi, aliyesema "pole pole hapo, kuna jiwe," na lilikuwepo.

Ukoo wa Nzuki ulikaa Jumanne. Hawakutaka mengi. Walitaka kaburi lirudishiwe pembe na mbuzi aliwe palepale, mama ajue hakukanyagwa kwa kudharauliwa. Kanisa letu halipendi mambo ya mbuzi kaburini. Kanisa lilisikia harufu, likanyamaza. Mulei alijenga simiti mwenyewe, akachomelea msalaba mpya wa chuma. Alimwambia Ndila ashike ncha moja ya uzi wakati anapima, na akamngoja aseme "sawa." Ukiuangalia leo umesimama wima kuliko misalaba yote ya mlimani.

Gari lilirudishwa kinyumenyume mpaka uani kwa kusukumwa. Wiki nzima Mulei hakuligusa. Kisha jioni moja, mimi nikiwa nimepeleka unga, alisimama mbele ya kiti cha Ndila na msumeno mkononi.

"Ni siku mbili tu," akasema. "Nikate tena?"

Akangoja. Alikuwa amejifunza kungoja, akingoja kama mtu aliye kwenye foleni.

"Pasaka... imepita," Ndila akasema.

"Kuna nyingine."

Ndila akaomba asogezwe kivulini. Ile mistari miwili ya uani ilifutwa na mvua ya Aprili, haikuchorwa tena, na fimbo ikawa ya kufukuzia kuku. Mchungaji akawa anapanda kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi na mkate kwenye kisahani na chupa ndogo, anamwekea Ndila ulimini, anaomba kwa ufupi kwa sababu ya mlima, anateremka. Ndila anapokea. Amina yake hutoka mchungaji akiwa tayari ameshavaa kofia.

Mulei akarudi kwenye milango na madirisha. Julai mabati na injini vilinunuliwa na mtu wa Wote. Chasisi ilibaki uani, kuku wakilala juu yake, mpaka Septemba alipokuja mzee mmoja kutoka Kibwezi anayetafuta kitu cha kutengenezea mkokoteni wa maji, wa kuvutwa na ng'ombe. Akaizunguka. Akapitisha kidole kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa kuupenda.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu."

"Imenyooka?"

"Haijanyooka. Imekaa upande."

Mzee akafikiri. "Kwetu ni tambarare. Na ng'ombe hawatajua."

Mulei akamwita Mbuvi na sisi wengine. Tukaibeba tena, wanaume kumi na wawili, kuteremka kupita ile kona, mpaka kwenye lori lililokuwa linangoja barabarani. Chasisi, ekseli mbili na magurudumu manne: shilingi elfu tatu na mia mbili.